Mshukiwa wa UVIKO-19 katika Huduma za Dharura: Upimaji Wake na Hatima Yake

Watumishi wa Afya, Uhamiaji, Forodha na Serikali za Mitaa, pamoja na wakazi wote wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, wanafafanuliwa hapa maana ya neno "mshukiwa", kwa kuwa wengi wamelichukua kuwa ni hukumu.

Mshukiwa ni mtu mwenye dalili zinazofanana na za ugonjwa fulani ambaye bado hajathibitishwa kuwa nao. Homa, kikohozi na kubanwa pumzi ni dalili za UVIKO-19. Lakini malaria kali, nimonia, kifua kikuu, moyo ulioshindwa kazi na kisukari kilichopanda huweza kumfikisha mgonjwa mapokezi katika hali hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo mshukiwa hutengwa na wagonjwa wengine, na wakati huo huo hupimwa malaria na sukari na kusikilizwa kifua. Kumtenga na kumwacha asubiri majibu ya kirusi peke yake ni kosa, na ni kosa linaloua.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020, mkoani Arusha. Katika siku hizo sampuli zilipelekwa Maabara ya Taifa, Dar es Salaam, ambayo iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Rusumo. Mgonjwa aliyebanwa pumzi hawezi kungoja safari ya namna hiyo. Hata majibu yanapopatikana mapema, kipimo cha vinasaba huweza kusema "hana" kwa mtu aliye naye kirusi, endapo sampuli imechukuliwa mapema mno au haikuchukuliwa vizuri.

Jambo hili lilijidhihirisha katika usafirishaji. Mwishoni mwa Aprili 2020 Rwanda iliagiza mizigo ipakuliwe mpakani au madereva wakabidhiane magari, na madereva wengi wakakwama upande wa Rusumo. Mwezi Mei viongozi wa nchi hizo mbili walikutana ili kutatua mgogoro huo. Baadaye madereva wa Afrika Mashariki walitakiwa kuwa na cheti cha kipimo. Cheti kilikuwa na manufaa yake, lakini kilieleza hali ya siku ya kupimwa tu. Dereva aliyepimwa Dar es Salaam aliweza kufika Benaco akiwa mgonjwa na cheti safi mfukoni.

Kwa hiyo katika chumba cha dharura swali la kwanza si jina la ugonjwa, bali ni kiasi cha oksijeni katika damu. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni hutoa jibu kwa muda mfupi sana. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na asilimia 95 au zaidi. Mshukiwa aliye chini ya 90 huhesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa mgonjwa mkali, naye hupewa oksijeni papo hapo bila kusubiri maabara. Ifahamike kwamba wagonjwa wengine wa UVIKO-19 huzungumza na kutembea ilhali oksijeni yao imeshuka sana. Ndugu wasidanganywe na mazungumzo hayo wakamrudisha mgonjwa nyumbani. Aidha, utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kuwa dawa ya deksamethasoni, ambayo ni ya bei nafuu, hupunguza vifo kwa wale wanaohitaji oksijeni. Haikuwasaidia wasioihitaji.

Kuhusu matokeo, takwimu za nchi ziliacha kutangazwa mapema Mei 2020, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, hadi zilipoanza kutolewa tena katikati ya mwaka 2021. Kipimo kilicho karibu ni utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwamo, uliofanywa kati ya Mei na Desemba 2020. Kati ya wagonjwa mahututi waliofuatiliwa, asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikuwa 31.5. Uhaba wa vifaa ulichangia tofauti hiyo. Tanzania ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 mwaka 2021, sehemu yake ilitumika kujenga majengo ya huduma za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali mbalimbali.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei, 2023, ingawa ugonjwa wenyewe ungalipo. Suala la washukiwa lilirejea karibu zaidi tarehe 20 Januari, 2025, Rais alipotangaza ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa, na wote walifariki. Wawili tu ndio waliothibitishwa na maabara. Wanane walibaki katika orodha ya wanaodhaniwa, kwa kuwa walifariki kabla mlipuko haujathibitishwa.

Mwananchi mwenye homa na pumzi fupi afike kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na aeleze bila kuficha alikosafiri na aliyemuuguza. Taarifa za dalili hizo kijijini hupokelewa pia kwa simu namba 199, bila malipo.