Tangi la etanoli: Hesabu ya dereva wa Bloomington

Katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, petroli na mafuta yatokanayo na mahindi huuzwa bega kwa bega. Mafuta ya mahindi huandikwa bei ya chini zaidi. Lakini je, unafuu huo humfikia dereva?

Ni alfajiri mjini Bloomington, kusini mwa Minneapolis. Dereva anayebeba abiria baina ya uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul na hoteli zilizo karibu na jengo kubwa la maduka la Mall of America anapita kwanza kituo cha mafuta. Mbele yake kuna mabomba mawili. Moja ni la petroli ya kawaida. La pili limeandikwa E85, na ubao wa bei unaonyesha kwamba galoni moja ya mafuta hayo ni rahisi kuliko galoni ya petroli. Gari lake linaweza kutumia yote mawili. Achague lipi?

Kwa mtu anayeishi kwa usukani, swali hilo si dogo. Mafuta ndiyo gharama anayoilipa kila siku, na kosa la senti chache kwa maili huonekana mwisho wa mwezi, wakati kodi ya nyumba inapodaiwa na ndugu walioko nyumbani Afrika Mashariki wanaposubiri kutumiwa fedha.

Kilichomo ndani ya bomba

Etanoli ni alkoholi ile ile inayopatikana katika vinywaji vikali, ila hii ya magari huchanganywa na kemikali ili isinyweke. Nchini Marekani hutengenezwa hasa kwa mahindi. Nafaka husagwa, wanga wake hugeuzwa kuwa sukari, sukari huchachushwa kwa hamira, kisha alkoholi hutengwa kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke wake.

Minnesota ni miongoni mwa majimbo yaliyotangulia kuyakumbatia mafuta haya. Kwa miaka mingi sheria ya jimbo imetaka petroli ya magari, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu, iwe na etanoli asilimia 10. Kwa hiyo hata dereva anayedhani hajawahi kugusa etanoli huibeba katika tangi lake.

E85 ni jambo jingine. Jina lake linaashiria asilimia 85 ya etanoli, lakini kiwango halisi hubadilika kwa majira, na viwango vya Marekani vinaruhusu kati ya asilimia 51 na 83. Mafuta haya hayafai kwa kila gari. Yanahitaji gari lililotengenezwa kuyapokea, lenye mipira na mabomba yasiyoliwa na alkoholi, na kompyuta inayotambua kiasi cha etanoli na kuongeza mafuta yanayopulizwa ndani ya injini. Anayejaza E85 kwa makosa katika gari la kawaida huenda akaona taa ya injini ikiwaka na gari likikosa nguvu. Akiendelea hivyo kwa muda mrefu, anaweza kuharibu vifaa vya mfumo wa mafuta.

Magari ya mafuta mseto yamekuwa mengi katika barabara za Marekani. Ford Crown Victoria, Chevrolet Impala na Dodge Grand Caravan, ambazo zilitumika sana kama teksi, zote zilitolewa pia katika muundo huo. Sababu moja ni sheria ya mwaka 1988 iliyowapa watengenezaji nafuu katika kanuni za matumizi ya mafuta kwa kila gari la aina hiyo walilouza. Matokeo yake, watu wengi walinunua magari hayo bila kujua. Mwaka 2006 kampuni ya General Motors ilianza kuweka vifuniko vya tangi vya rangi ya manjano ili mwenye gari apate kutambua alichonacho.

Bei ya galoni na bei ya maili

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Galoni ya etanoli ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja ikilinganishwa na galoni ya petroli. Kwa kuwa E85 ni mchanganyiko, takwimu za serikali ya Marekani zinaeleza kwamba gari hupoteza kati ya asilimia 15 na 27 ya mwendo wake kwa kila galoni.

Tuchukue mfano wa gari linalokwenda maili 20 kwa galoni ya petroli, na maili 15 kwa galoni ya E85. Ikiwa petroli ni dola 3 kwa galoni, kila maili humgharimu dereva senti 15. E85 ikiuzwa dola 2 na senti 40, ubao wa bei unaonyesha unafuu wa senti 60, lakini kila maili sasa inagharimu senti 16. Dereva amevutwa na bei ya chini, naye analipa zaidi. E85 ikishuka hadi dola 2 na senti 10, kila maili inagharimu senti 14, na hapo ndipo anapopata faida.

Kwa gari hilo, basi, E85 inapaswa kuwa nafuu kwa robo nzima ya bei ya petroli ili dereva asipate wala asipoteze. Anayeendesha maili 200 kwa siku hupata au hupoteza dola 2 kila siku katika mifano hiyo miwili, yaani dola 50 kwa mwezi wa siku 25 za kazi. Aidha, tangi la galoni 15 lililompeleka maili 300 sasa humpeleka maili 225 tu. Hurudi kituoni mara nyingi zaidi, na dakika anazosimama hapo ni dakika ambazo hana abiria.

Ndiyo maana dereva mwangalifu huandika katika daftari maili alizokwenda na galoni alizojaza, badala ya kutegemea ubao wa bei. Matokeo hutofautiana kati ya gari na gari, na kati ya barabara kuu na msongamano wa mjini.

Baridi ya Januari

Hesabu hiyo hukutana na hali ya hewa. Majira ya baridi, joto la Minnesota laweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Etanoli haigeuki mvuke kwa urahisi katika baridi, na bila mvuke hakuna cha kushika cheche. Kwa sababu hiyo wauzaji huongeza petroli katika E85 wakati wa baridi. Gari huwaka vizuri zaidi, na pia hupoteza mwendo mdogo zaidi kuliko wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, injini inaweza kusitasita asubuhi. Anayebadilisha kutoka petroli kwenda E85 hushauriwa aendeshe kilomita kadhaa kabla ya kuegesha gari usiku kucha, ili kompyuta ipate kuyazoea mafuta mapya.

Etanoli ina sifa zake pia. Hustahimili mgandamizo wa injini bila kulipuka kabla ya wakati, na humeza unyevu mdogo uliomo katika tangi, ambao vinginevyo ungeganda na kuziba njia ya mafuta.

Gunia moja kwa tangi moja

Hesabu nyingine haionekani kwenye ubao wa bei. Kilo 25 za mahindi hutoa takriban lita 10 na nusu za etanoli. Tangi la galoni 15, sawa na lita 57, likijazwa E85 yenye etanoli asilimia 75, limebeba zao la takriban kilo 100 za mahindi. Hilo ni zaidi ya gunia moja la kilo 90 kama linavyopimwa katika masoko ya Kenya.

Watetezi wa etanoli hukumbusha mambo mawili. Kwanza, hayo ni mahindi ya manjano ambayo kwa kiasi kikubwa hulishwa mifugo. Pili, karibu theluthi moja ya uzito wake hurudi kama machicha, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe na nguruwe. Wakosoaji nao hujibu kwamba shamba ni lile lile, na kwamba zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani sasa huingia katika viwanda vya etanoli. Mjadala huo ulipamba moto mwaka 2008, bei ya chakula ilipopanda duniani kote.

Kuhusu hali ya hewa pia wataalamu hawajakubaliana. Maabara ya taifa ya Argonne ilieleza mwaka 2021 kwamba etanoli ya mahindi hupunguza gesi chafu kwa zaidi ya asilimia 40 ikilinganishwa na petroli. Mwaka uliofuata, watafiti wakiongozwa na Tyler Lark wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walisema kwamba, ukihesabu ardhi iliyolimwa upya na mbolea, huenda etanoli ikawa mbaya kuliko petroli.

Wakazi wa Saint Paul waliwahi kuuonja upande mwingine wa mafuta haya. Mwaka 2000 kiwanda cha etanoli kilifunguliwa ndani ya kiwanda cha zamani cha bia cha Schmidt, katikati ya makazi ya watu. Majirani walilalamikia harufu na kelele kwa miaka kadhaa, na mwaka 2004 kazi hiyo ilisimama.

Afrika Mashariki si mgeni wa jambo hili. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha Muhoroni, magharibi mwa Kenya, kilitoa etanoli iliyochanganywa na petroli kwa kiwango cha asilimia 10, hadi mpango huo ulipokoma mwaka 1993. Malawi imekuwa ikichanganya etanoli na petroli tangu mwaka 1982. Tofauti kubwa ni mali ghafi: nchi hizo zilitumia molasi, yaani masalia ya kiwanda cha sukari, badala ya nafaka ambayo ingeweza kusagwa unga.

Huko Bloomington, uchaguzi wenyewe unapungua. Aina mpya za magari ya mafuta mseto zimekuwa chache tangu katikati ya miaka ya 2010, baada ya nafuu waliyopewa watengenezaji kuanza kuondolewa, na madereva wengi wamehamia magari yanayotumia petroli pamoja na umeme. Lakini yule ambaye bado ana kifuniko cha manjano husimama mbele ya mabomba mawili, hutazama bei ya petroli, huondoa robo, kisha ndipo hunyoosha mkono.