Motakaa Izimikayo Njiani: Sababu Zake na Dawa Yake

Njia itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Kibaha na Mlandizi, na ile iendayo Kisarawe hupanda vilima vya Pugu. Katika njia hizi mbili si ajabu kuona motakaa kuukuu imesimama kando, boneti i wazi, na abiria wameketi kivulini. Watu husema, "Injini imekufa." Lakini mara nyingi injini haikufa, imekosa kitu kimoja tu. Twataka kueleza jinsi kitu hicho kitafutwavyo, ili mwenye gari asiuze mbuzi wake kununua chombo kipya, na kumbe kile cha zamani hakikuwa na kosa.

Twasema juu ya motakaa za petroli zenye kabureta. Magari ya siku hizi hutiliwa petroli kwa mitambo ya umeme, nayo yana njia yake nyingine ya kupimwa.

Injini ni kama jiko la kuni. Jiko lataka kuni, lataka upepo, lataka na moto wa kuwashia. Injini nayo yataka petroli, hewa na cheche. Petroli huvutwa na pampu kutoka tangini, ikafika katika kabureta, ikachanganyika na hewa. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli yataka hewa sehemu 15 hivi. Koili hupokea umeme mdogo wa betri, ikaukuza hata uweze kuruka katika plagi na kuwa cheche. Kimoja kikikosekana, injini huzimika.

Basi jambo la kwanza ni kuangalia imezimikaje. Ikizimika ghafula, kama taa iliyopulizwa, shuku umeme. Ikikohoa, ikapungua nguvu kidogo kidogo ndipo ikazimika, shuku petroli. Ikienda vema mbioni, lakini huzimika kila uondoapo mguu katika kanyagio, shuku kitundu kidogo cha kabureta kilichozibwa na taka, au mpira uliopasuka unaoingiza hewa pasipo mahali pake.

Tuanze na petroli. Usiamini mshale wa gari kuukuu. Hakikisha kwamba tangini mna petroli. Kisha fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa ndani kwa nguvu, na injini ikawaka tena, basi kitundu cha kifuniko kimezibwa. Hewa haikuingia kujaza mahali pa petroli iliyotumika, na pampu ikashindwa kuvuta. Dawa yake ni kukisafisha kitundu hicho, wala haina gharama. Angalia pia chujio la petroli, na lile la hewa. Njia za vumbi, kama za upande wa Maneromango, hulijaza upesi. Maji nayo hukaa chini ya petroli kwa kuwa ni mazito kuliko yeye, na injini haiwezi kuyachoma. Hapana budi yamwagwe.

Sasa tutazame umeme. Kaza kwanza vichwa vya betri, na uangalie nyaya zilizolegea. Kisha fungua plagi moja, uirudishe katika waya wake, uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na petroli yo yote. Usiishike kwa mkono. Mwenzako azungushe injini. Cheche ya buluu yenye nguvu ni njema. Ikiwa hafifu, au hapana kabisa, kosa li katika koili, kondensa, nyaya, au pointi zilizo ndani ya distributa. Pointi zilizoungua huweza kusafishwa, na nafasi yake hupimwa kama kitabu cha gari kisemavyo. Katika magari mengi ni karibu nusu ya milimita.

Liko kosa moja liwasumbualo wengi: gari huenda nusu saa, huzimika kwa joto, na likipoa huwaka kana kwamba halina ugonjwa. Sababu yaweza kuwa koili ichokayo ikipata joto, au petroli iliyogeuka mvuke katika bomba lililo karibu na injini. Zipambanue hivi: pima cheche papo hapo izimikapo, kabla haijapoa. Kama hapana cheche, tafuta upande wa koili. Kama cheche ni njema, funika pampu na bomba lake kwa kitambaa chenye maji. Ikiwaka, ulikuwa mvuke. Basi bomba lisogezwe mbali na chuma chenye moto.

Twawasihi mshike mambo matatu ya hatari. Kwanza, pasiwe na sigara wala kibatari karibu, na petroli isimiminwe katika kabureta injini ikizungushwa. Moto huruka usoni. Pili, katika magari mengi nguvu ya kusaidia breki hutoka katika injini. Izimikapo mtelemkoni, kanyagio huwa gumu. Basi likanyage kwa nguvu zote bila kuliachia, utie gia ya chini, uvute breki ya mkono polepole. Tatu, ukisimama mlimani weka jiwe nyuma ya gurudumu, na alama ya kuwaonya wajao. Na uondokapo, liondoe jiwe lile. Jiwe lililoachwa barabarani usiku laweza kumwua mtu asiyekujua wala usiyemjua.

Fundi mwema hubadili kitu kimoja, akajaribu, ndipo akashika cha pili. Abadilishaye vitu vitano kwa pamoja hajui kilichoponya ni kipi, na mwenye gari hulipia vyote vitano. Ulizeni kwanza, "Ni petroli, ni hewa, au ni cheche?" Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twaongeza, uutazame vema ufa huo uko wapi kabla ya kukanda udongo.