Je, Wajua? Kutoka Mimbarini Hadi Doria

Je, wajua kwamba polisi mwanamke aliyevuma Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 alitokea kanisani? Alice Stebbins Wells, mzaliwa wa Kansas mwaka 1873, alisoma theolojia katika Seminari ya Hartford na kuwa msaidizi wa mchungaji kule Brooklyn. Tarehe 12 Septemba 1910 akaapishwa kuwa askari wa Jeshi la Polisi la Los Angeles.

Nafasi hiyo haikutangazwa, aliidai. Alikusanya saini za wakazi 100, akapeleka ombi lake kwa meya na baraza la jiji. Hoja yake ilikuwa ya kichungaji kuliko ya kiaskari: msichana aokolewe kabla hajaharibikiwa, badala ya kungojewa akosee ndipo akamatwe.

Je, wajua alikabidhiwa nini alipoanza kazi? Ufunguo wa visanduku vya simu vya polisi, kitabu cha kanuni, kitabu cha huduma ya kwanza na beji. Bunduki hakupewa. Sare alijishonea mwenyewe, gauni la kuburuza na koti lake.

  

 Doria yake ilikuwa kumbi za dansi, sinema na viwanja vya kuteleza kwa viatu vya magurudumu, yaani palepale wahubiri wa enzi hizo walipopalaani. Tofauti ni kwamba yeye aliingia.

Wakati huo askari walipanda tramu bure kwa kuonyesha beji. Wells alipoonyesha yake, kondakta alimshutumu kwamba anatumia beji ya mumewe! Ikabidi atengenezewe nyingine, yenye maandishi ya polisi mwanamke, namba moja.

Lakini lenye uzito kuliko yote hayo ni agizo lililofuata: askari wa kiume asimhoji msichana mdogo, kazi hiyo waachiwe polisi wanawake. Aliyewahi kufika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi Tanzania ataielewa mantiki hiyo bila kufafanuliwa.

Je, wajua ulimi wa mimbarini haukumwacha? Alisafiri huku na huko akihutubia kuhusu haja ya polisi wanawake, na mwaka 1915 akaanzisha chama chao cha kimataifa. Alistaafu mwaka 1940.

Na je, wajua kwamba hakuwa wa kwanza, ingawa wengi humwita hivyo? Marie Owens, mjane, aliingia polisi ya Chicago mwaka 1891, akiwasaka waajiri wa watoto. Naye Lola Baldwin aliapishwa Portland, Oregon, tarehe 1 Aprili 1908, baada ya kuwahudumia wasichana wasafiri kupitia YWCA, chama cha Kikristo cha wanawake. Hata alipokuwa polisi kamili, ofisi yake ilikuwa katika jengo la YWCA. Msichana mwenye shida aliweza kumfikia bila kukanyaga kituo cha polisi.