Kuhani Kando ya Mfereji

Ezekieli mwana wa Buzi alizaliwa katika ukoo wa makuhani. Kitabu cha Hesabu kinataja umri wa kuhudumu katika hema ya kukutania kuwa miaka 30 hadi 50, na wafafanuzi wengi huuona "mwaka wa thelathini" unaofungua kitabu chake kuwa ni umri wake. Umri huo ulimkuta Babeli, kando ya Kebari, mfereji wa eneo la Nippur. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alikuwa amemhamisha mwaka 597 KK pamoja na mfalme Yehoyakini wa Yuda. Hekalu aliloandaliwa kulitumikia lilikuwa mamia ya kilomita nyuma yake.

Wito wa kuwa nabii ulimjia hapo katika maono, mwaka 593 KK. Wasomaji wengi huvuka haraka maono yale ya nyuso nne na mabawa. Naomba tutulie kwenye magurudumu aliyoyaona humo. Wahamishwa walijiona wametupwa mbali na Mungu, kwa kuwa utukufu wake ulikaa Sayuni, yaani Yerusalemu. Kuhani huyu akaona kiti cha enzi kinachokwenda kila upande bila kugeuka. Kumbe Mungu angeweza kufika hata kwenye mfereji wa ugenini!

Kazi aliyopewa ilikuwa chungu. Wenzake walitarajia kurudi kwao upesi, naye alitumwa kuwaambia kwamba Yerusalemu utaanguka. Akachora mji huo juu ya tofali, akauzingira kwa maboma, kisha akalala ubavu wa kushoto siku 390 na wa kulia siku 40. Mkate wake wa siku, wa ngano, shayiri, dengu na mtama, haukufika robo kilo. Alipoagizwa kuuoka kwa kinyesi cha binadamu alilalamika: tangu ujana wake hakuwahi kula kilicho najisi. Akaruhusiwa samadi ya ng'ombe. Sehemu hiyo hunigusa sana, maana aliyekosa madhabahu bado alishika miiko ya madhabahu.

Mkewe alipofariki, alikatazwa hata kumlilia. Alijifunga kilemba na kuvaa viatu kama siku nyingine, ili watu waone jinsi habari za kuharibiwa kwa hekalu zitakavyowakuta.

Mji ulipoanguka, ujumbe wake uligeuka kuwa faraja, na maono ya bonde la mifupa mikavu ni ya wakati huo. Mwaka 573 KK, akikaribia miaka 50, umri wa kuhani kupumzika, alipelekwa katika maono hadi kwenye hekalu jipya. Akalizunguka lango kwa lango, nyuma ya mtu mwenye ufito wa kupimia, hadi utukufu uleule wa Kebari ulipoingia kwa lango la mashariki.