"Nimepimwa Damu": Kauli Inayoficha Maradhi ya Moyo

Miongoni mwa kauli zinazosikika kila siku hapa Nyansiongo, na yamkini kote nchini Kenya, hakuna inayowapumbaza watu kama hii: "Nilipimwa damu, hawakupata kitu." Msemaji huwa ametoka zahanati, ametobolewa kidole, na karatasi aliyopewa inasema kwamba hana malaria wala homa ya matumbo. Hilo ni la kushukuru. Lakini maneno "kupima damu" katika Kiswahili chetu hayana mipaka. Huambiwa malaria, huambiwa Ukimwi, huambiwa sukari na upungufu wa damu. Basi mtu akishatoa tone moja huondoka akiamini kwamba damu yake yote imekaguliwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu, na sina nia ya kuwafundisha madaktari kazi yao. Nia yangu ni kuonyesha jinsi lugha inavyoweza kuchelewesha tiba. Lehemu inapozidi katika damu haiumi, haileti homa, wala haimkondeshi mtu. Mwenye tatizo hilo huchuma majani chai kutwa, au hufundisha vipindi vyote vya siku, huku mishipa yake ikizidi kuziba. Aghalabu dalili ya kwanza huwa ni mshtuko wa moyo au kiharusi. Hapo ndipo tunaposema kwamba fulani amekufa "ghafla", na wakati mwingine jirani asiye na hatia huanza kutazamwa kwa jicho baya.

Wapo wanaodai kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Dai hilo lina historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya hapa kwetu. Mnamo mwaka wa 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima wanaume wapatao 1,000 katika Kavirondo Kusini, eneo ambalo wakati huo lilijumuisha Kisii. Aliona kwamba shinikizo la damu yao halikupanda kadiri walivyozeeka, kama lilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Wengi walichukua habari hiyo kuwa ni sifa ya mwili wa Mwafrika.

Miaka 61 baadaye, mwaka wa 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya Wajaluo waliohama kutoka mashambani magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Katika miezi ya mwanzo tu ya kuishi mjini, shinikizo la damu ya wahamaji lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi waliyokula ilikuwa imeongezeka. Mwili ulikuwa ule ule. Maisha ndiyo yaliyobadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 nao ulionyesha kwamba takriban robo ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajapata kupimwa shinikizo hilo hata mara moja.

Hapa Borabu mabadiliko hayo hayahitaji darubini. Wimbi limeipisha sembe nyeupe, chinsaga imepishwa na vibanzi, na safari iliyokuwa ya miguu sasa ni ya bodaboda.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Kila likizo jamaa huniletea matokeo ya maabara niwasomee, kwa sababu tu nimesoma sana. Karatasi huwa ya Kiingereza kitupu, na mwenyewe hajaelezwa neno hata moja. Aghalabu ina tarakimu nne: jumla ya lehemu, LDL, HDL na trigliseridi. Lehemu haiyeyuki katika maji, kwa hiyo husafirishwa ndani ya vifurushi. LDL ni vifurushi vinavyoipeleka mwilini, na vikizidi huiacha katika kuta za mishipa. HDL husaidia kuirudisha kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta ya akiba, ambayo hupanda hasa kwa pombe, sukari na unene.

Mwalimu wa hisabati atafurahi kujua kwamba mara nyingi LDL haipimwi, bali hukokotolewa kwa kanuni iliyotolewa na William Friedewald na wenzake mwaka wa 1972. Chukua jumla, toa HDL, kisha toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Mtu mwenye jumla ya 6.2, HDL ya 1.2 na trigliseridi ya 2.2 ana LDL ya 4.0. Trigliseridi ikipita 4.5, kanuni hiyo haitegemeki tena.

Jambo la kutahadhari nalo ni vipimio. Maabara moja huandika 5.2, kwa milimoli katika lita; nyingine huandika 200, kwa miligramu katika desilita. Kiasi ni kile kile. Asiyeambiwa atadhani kwamba lehemu yake imepanda mara arubaini katika muda wa wiki mbili, au, vibaya zaidi, kwamba imeshuka na dawa ziachwe.

Neno "lehemu" lenyewe lastahili kujadiliwa. Ni neno la fundi anayeunga bati, na mfano huo wafaa, kwa kuwa kitu hiki hujishikiza mishipani. Lakini humfanya mwanafunzi adhani kwamba ni uchafu mtupu, ilhali ini letu hutengeneza sehemu kubwa ya lehemu, na mwili huihitaji kwa kujenga seli na homoni. "Mafuta mwilini" nako kunapotosha, kwani mtu mwembamba hujiona amesalimika. Wapo waliorithi LDL ya juu tangu kuzaliwa, nao hukadiriwa kuwa mtu mmoja hivi katika kila watu 250 duniani. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1985 kwa kugundua jinsi mwili unavyoidhibiti lehemu, na walianzia kwa wagonjwa wa namna hiyo.

Sisemi kila mtu akimbilie maabara kesho. Tarakimu moja peke yake haitabiri kifo. Daktari huipima pamoja na umri, shinikizo la damu, sukari, sigara na historia ya ukoo. Kwa mwenye fedha kidogo, kuanzia kwenye shinikizo la damu ni busara. Lakini ambaye mzazi au ndugu yake alipata mshtuko wa moyo akiwa bado kijana, au aliye na kisukari, ana haki ya kuuliza waziwazi: "Je, damu yangu imepimwa lehemu?"

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila maabara iandike chini ya tarakimu zake sentensi mbili za Kiswahili: kilichopimwa na kisichopimwa. Gharama yake ni wino tu. Pili, walimu wa Kiswahili na wa biolojia wakae pamoja, wawape wanafunzi karatasi ya namna hiyo isiyo na jina, waitafsiri na kuieleza kwa maneno ambayo bibi nyumbani ataelewa. Kijana atakayeweza kufanya hivyo atakuwa amejifunza masomo mawili kwa mpigo, na huenda akawa mtu wa kwanza nyumbani kwao kumwuliza baba yake alipimwa nini hasa siku ile alipoambiwa kwamba damu yake haina kitu.