Sinki likiziba jikoni: Mtaka cha mvunguni sharti ainame

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipoinama ukatazama kilichoko chini ya sinki la jikoni kwako? Wengi wetu huosha vyombo asubuhi, mchana na jioni, tukayaona maji yakizama shimoni na habari ikaishia hapo. Ya chini ni ya fundi. Hukumbuka kwamba kuna kitu huko siku ile maji yanapokataa kwenda, au vitunguu vilivyowekwa kabatini vinapopatikana vikielea.

Siku hiyo ina tabia ya kuangukia Jumapili, wageni wakiwa njiani. Fundi wa mtaani amezima simu, na yule anayepatikana anataka nauli kabla ya kuiona kazi yenyewe. Ndiposa mama huhamishia vyombo bafuni, baba akajificha nyuma ya gazeti, na watoto wakaanza kushtakiana ni nani aliyemwaga mabaki ya uji.

Ukweli ni kwamba mara nyingi shida yote imo katika kifaa kimoja kidogo cha plastiki. Mtu yeyote mwenye mikono miwili na ndoo anaweza kukifungua, kukisafisha na, ikibidi, kuweka kingine kipya. Hii si kazi ya nguvu wala si kazi ya wanaume peke yao. Ni kazi ya kuinama na kutazama.

Mlinzi wa jikoni

Mafundi wetu hukiita kifaa hicho trapu. Katika nyumba nyingi za kupanga mijini ina umbo la chupa fupi iliyosimama wima, na sehemu yake ya chini ni kikombe kinachofunguka kwa kuzungushwa. Kwingine ni bomba lililopindwa mfano wa herufi U. Maumbo ni tofauti lakini kazi ni moja: kuhakikisha maji kidogo yanabaki ndani daima.

Kwa nini maji yabaki? Bomba la sinki lako limeungana na la jirani, na la jirani limeungana na la ploti nzima, hadi kwenye bomba kuu la maji taka au shimo lililochimbwa uani. Humo mna uozo, na uozo hutoa gesi, mojawapo ikiwa ile inayonuka kama mayai viza. Njia ikiwa wazi, gesi hiyo hupanda moja kwa moja hadi jikoni, na mende huifuata njia iyo hiyo. Maji yaliyobaki ndani ya trapu ndiyo kizibo. Maji ya vyombo hupita kwenda zake, lakini gesi hairudi. Trapu nyingi za jikoni hutengenezwa ziwe na kina cha maji cha milimita 75, yaani karibu upana wa vidole vinne.

Wazo hili si la jana. Mwaka wa 1775, fundi wa saa kutoka Scotland, Alexander Cumming, alipewa hataza mjini London kwa choo chenye bomba lililopindwa ili maji yabaki ndani. Tangu wakati huo maumbo yamebadilika na vyuma vimegeuka plastiki, lakini siri ni ile ile.

Ukiielewa siri hiyo, utajiepusha na gharama nyingine zisizo na maana. Chukua mfano wa jamaa wanaofunga nyumba mwezi wa Desemba kwenda mashambani. Wakirudi Januari na kufungua mlango, hupokelewa na uvundo, wakadhani bomba limepasuka. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Maji ya ndani ya trapu yamekauka tu. Mwaga jagi moja la maji katika sinki, jingine bafuni, fungua madirisha, na usubiri. Kama harufu itaondoka, umeokoa ujira wa fundi mzima.

Adui ni nani?

Katika nyumba nyingi za Marekani, chini ya sinki kuna mashine ya umeme inayosaga mabaki ya chakula. Mchoraji wa majengo aitwaye John Hammes aliiunda mashine ya aina hiyo mwaka wa 1927 katika mji wa Racine, jimbo la Wisconsin. Hata huko haikupokelewa kila mahali. New York ilikuwa imeipiga marufuku katika sehemu kubwa ya mji hadi mwaka wa 1997, kwa kuhofia mabomba yake ya kale.

Masinki yetu, kwa jumla, hayana mashine hiyo. Hata hivyo, tunayalisha kana kwamba yanayo! Maji ya sufuria ya ugali, wali uliobaki, majani ya chai, vipande vya sukuma wiki, vyote vinasukumwa shimoni kwa kidole. Unga na wali hufura zikiloa. Majani ya chai hutua chini ya kikombe cha trapu kama mchanga.

Lakini adui mkubwa zaidi ni mafuta. Mafuta ya kupikia yale ya kuganda huingia bombani yakiwa moto na laini kama maji. Yakikutana na ubaridi wa bomba, hasa asubuhi za Julai kule Limuru au hapa Nairobi, huganda na kushika kuta za bomba. Kisha kila punje ya wali inayopita hunaswa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni trapu yako.

Vifaa vya kazi

Usitishwe na mkoba wa fundi. Unahitaji ndoo au beseni, matambara mawili, tochi, mswaki wa zamani wa meno, glavu za mpira na, kwa nati iliyokaza, spana kubwa ya kurekebisha. Hivyo tu.

Kuna onyo moja kabla ya kugusa chochote. Kama mtu alikwisha kumwaga kemikali ya kuzibulia ndani ya sinki, isubiri ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na usifungue trapu bila glavu na kitu cha kukinga macho. Kemikali hizo huunguza ngozi na zinaweza kupofusha. Aidha, usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo kama Jik. Baadhi ya michanganyiko hiyo hutoa gesi ya sumu, na jiko dogo la ghorofani si mahali pa kujaribia.

Namna ya kufungua

Kwanza, toa kila kitu kilichoko chini ya sinki. Wajulishe wote nyumbani, na ikiwezekana fungia mfereji kitambaa, maana hakuna linaloudhi kama mtu kuja kunawa mikono wakati kichwa chako kiko kabatini.

Pili, weka ndoo chini ya trapu. Kumbuka kuna maji ndani yake sikuzote, na kama sinki limeziba, maji yote yaliyotuama juu yatafuata. Yachote kwanza kwa kikombe.

Tatu, shika kile kikombe cha chini na ukizungushe. Hapa ndipo wengi hupotea. Nati hufunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, lakini hiyo ni kwa anayeitazama kutoka chini. Ukiwa umesimama na kunyoosha mkono bila kutazama, utakuwa unaikaza ukidhani unaifungua, mpaka ipasuke. Basi inama, uitazame kutoka chini, kisha uzungushe. Ikikataa, izungushie tambara ndipo utumie spana taratibu, ili meno yake yasiitafune plastiki.

Nne, mwaga uchafu ndani ya ndoo, usugue kikombe kwa mswaki, maji moto na sabuni. Usiuoshe uchafu huo katika sinki lenyewe, maana sasa halina chini! Wako waliowahi kusahau, wakaoga miguu. Chunguza pia bomba dogo la ndani linaloshuka kutoka kwenye sinki, na lile linaloingia ukutani.

Sasa tazama kwa makini. Je, kikombe kina ufa? Meno ya nati yamelika? Ile pete ya mpira imekuwa ngumu na kuvunjikavunjika? Kama ni pete pekee, nunua pete. Kama plastiki yenyewe imepasuka, trapu nzima ibadilishwe. Usijaribu kuiziba kwa gundi au mfuko wa nailoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa trapu hauzibiki.

Kuweka mpya

Kosa la kawaida kabisa ni kwenda dukani mikono mitupu na kumwambia mwenye hadiwea, "Nipe trapu." Atakuuliza ya ukubwa gani, nawe utaonyesha kwa vidole. Ya sinki la jikoni kwa kawaida ni milimita 40, ambayo wengi huiita ya inchi moja na nusu. Ya sinki dogo la kunawia mikono aghalabu ni milimita 32. Tofauti ni ndogo kwa macho lakini haziingiliani. Dawa ni rahisi: ioshe ile iliyoharibika, uitie katika mfuko, uende nayo.

Ukirejea, anza kwa kupanga. Katika kila kiungo, nati hutangulia juu ya bomba, kisha pete ya mpira, ndipo bomba liingie mahali pake. Pete nyingi zina upande mmoja mwembamba, na upande huo huelekea ndani ya kiungo ambamo bomba linaingia. Ukiigeuza, itavuja hata ukikaza vipi.

Kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha ongeza robo ya mzunguko kwa spana ukiona haja, si zaidi. Plastiki si chuma. Wengine hupenda kuzungushia ile tepu nyeupe ya mafundi kila mahali. Katika viungo vya aina hii, kinachozuia maji ni pete ya mpira, na tepu haisaidii kitu. Hakikisha pia kwamba bomba linaloelekea ukutani linateremka kidogo kuelekea huko. Likiinuka, maji na takataka zitatuama njiani.

Sasa jaribu. Ziba shimo la sinki, ujaze maji, kisha uyaachilie yote kwa mara moja. Wakati yanapokwenda kwa kishindo, pitisha karatasi kavu ya chooni kuzunguka kila kiungo. Karatasi haidanganyi: tone moja tu litaonekana. Iache karatasi nyingine chini ya trapu usiku kucha. Ikiamka kavu, kazi yako imefaulu.

Mpaka wako ni upi?

Kuna mambo ambayo si ya kujaribu mwenyewe. Kama umeisafisha trapu na maji bado hayaendi, kizuizi kiko mbali, ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Kama maji machafu yanapanda katika sinki lako kila jirani wa juu anapoosha vyombo, bomba la ploti ndilo lililoziba, na hilo ni jukumu la mwenye nyumba. Mwite keateka aje aone kwa macho yake.

Isitoshe, kama wewe ni mpangaji, ni busara kumjulisha keateka hata kabla ya kubadilisha trapu, na kuweka risiti ya duka. Siku ya kuhama, risiti hiyo inaweza kukuokoa wakati hesabu ya pesa za amana inapofanywa. Na usidharau tone linalodondoka polepole. Kwa anayeishi ghorofani, tone hilo halikomei kabatini. Huozesha mbao, hupenya sakafuni, na huibuka kama doa juu ya dari ya jirani wa chini. Wengi wamekosana kwa doa la namna hiyo kuliko kwa kelele za redio.

Kwa wanafunzi mnaoishi wawili watatu katika chumba kimoja, jambo hili lina uzito wake. Pesa ya fundi mara nyingi hutoka katika pesa ya chakula. Kubalianeni mapema: sahani ikwanguliwe ndani ya pipa kabla ya kuoshwa, sufuria yenye mafuta ipanguswe kwa karatasi kwanza, na shimo la sinki liwekewe kichujio kidogo. Mara moja kwa mwezi mmoja wenu ainame, afungue kikombe na kukisafisha. Ni kazi ya dakika 10.

Nanyi wazazi, msifanye kazi hii mkiwa mmefunga mlango wa jikoni. Mwite binti, mwite na kijana wa kiume. Mpe mmoja tochi ashike, mwingine ndoo. Waonyesheni yale majani ya chai na mafuta yaliyoganda yakitoka, nao hawatahitaji kukemewa tena kuhusu kumwaga makombo. Iko siku wataishi peke yao, katika chumba cha kukodi mbali nanyi, na sinki litaziba usiku. Afadhali wakati huo wawe wanajua pa kuinama.