Taa nyekundu ya oili: Namna ya kubadili sensa iliyojificha chini ya altaneta

Magari mengi yanayotumika Kenya na Uganda huingizwa yakiwa yamekwisha kutumika nchini Japan. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, ilhali sheria ya Uganda ya mwaka 2018 inazuia lililofikisha miaka 15. Katika umri huo vipuri vidogo huanza kuchoka, ikiwemo sensa ya shinikizo la oili, ambayo baadhi ya wamiliki huibadili wenyewe nyumbani.

Kazi ya sensa

Sensa hiyo ni swichi ndogo iliyofungwa kwenye bloki ya injini. Ufunguo unapowashwa kabla ya injini kuwaka, swichi hupitisha umeme na taa nyekundu huonekana kwenye dashibodi. Injini ikiwaka, shinikizo la oili hukata umeme huo na taa huzimika.

Katika magari mengi, taa huwaka tena shinikizo likishuka hadi kati ya baa 0.2 na 0.5, kiwango cha chini mno. Kwa hiyo taa hiyo haitoi tahadhari ya mapema. Ikiwaka safarini, dereva anapaswa kusimama mahali salama, kuzima injini mara moja na kupima oili kwa kijiti chake.

Kupima kabla ya kubadili

Kiwango cha oili kikiwa sawa, bado haifai kuilaumu sensa papo hapo. Fundi huiondoa, hufunga geji ya shinikizo mahali pake, kisha huwasha injini kwa muda mfupi na kulinganisha kipimo na kitabu cha gari. Shinikizo likiwa dogo, tatizo huenda likawa pampu au beringi zilizolika, na sensa mpya haitaiokoa injini. Likiwa sahihi, ndipo sensa na waya wake hushukiwa.

Kuifikia sensa

Katika injini za Subaru za aina ya EJ, sensa hukaa juu ya bloki, chini ya altaneta. Inapovuja, oili hutapakaa juu ya injini na mmiliki huweza kudhani kwamba gasketi imeharibika.

Injini huachwa ipoe, kisha waya hasi wa betri hufunguliwa. Mkanda hulegezwa na kutolewa, na altaneta hufunguliwa na kuwekwa kando. Eneo husafishwa ili uchafu usiingie ndani, waya wa sensa huchomolewa, na sensa hufunguliwa kwa soketi ndefu. Mpya hulinganishwa na ya zamani, huanzishwa kwa mkono, kisha hukazwa kwa nguvu iliyotajwa kitabuni, kwani kukaza kupita kiasi kunaweza kupasua bloki.

Sensa yenye waya mmoja hukamilisha mzunguko wa umeme kupitia nyuzi zake za chuma. Utepe mweupe wa mafundi bomba ukizungushwa kwa wingi huweza kuzuia umeme, na taa isiwake hata oili ikiisha.

Baada ya kurejesha kila kitu, ufunguo huwashwa: taa lazima iwake. Injini inapoanza kunguruma, taa izimike ndani ya sekunde chache. Kisha injini huzimwa, na eneo la sensa hukaguliwa kwa tochi kuona kama oili inavuja.